Sungura wa Mrututu

Siku yangu ya kwanza kazini Mkutubi hakunionyesha kitabu hata kimoja. Alinipa sufuria, unga wa muhogo na mwiko. "Pika gundi, binti. Nikiona donge, unaanza upya." Nilianza upya mara tatu. Ukungu wa Mbinga ulikuwa umeshuka hadi madirishani, nami nikikoroga nikajiona kama nawapikia uji watu waliosinzia ndani ya vitabu.

Maktaba ile ndogo haipo tena. Kazi yetu ilikuwa kutafuta hadithi za wanyama za zamani, yale matoleo yenye picha za rangi, kuyatengeneza na kuyatunza kabatini. Ninyi mnaopiga kurasa picha kwa simu mnadhani kitabu ni maneno tu. Sisi tulianzia kwenye uti, yaani mgongo unaoshika kurasa, tukaja kwenye mshono, halafu ile karatasi nyembamba inayolala juu ya picha kuilinda. Picha ndizo zilizokuwa adimu. Watu wa ziwani walizibandua wakapambia kuta, wala siwalaumu, hata mimi ningepamba.

Kwa hiyo nilipokuta Liuli, kando ya ziwa, kwa Bibi Agnesi, mjane wa mvuvi, kitabu cha sungura na kiboko chenye picha zote, nilizihesabu mara mbili. Katika ile ya mwisho sungura mweupe anavuka ziwa mgongoni kwa kiboko. Maji yalichorwa yametulia mno, nikajikuta nanong'ona.

"Bibi, niazime nikakishone. Kinaachia."

"Chukua, mwanangu. Ila kirudi na picha zake zote. Wanangu wote sita wamekulia humo."

Nikaahidi.

Sasa, gundi ya muhogo wadudu huipenda, kwa hiyo tuliitia mrututu, ile dawa ya buluu wanayopulizia kahawa. Chembe mbili zinatosha. Lakini mimi ni mtoto wa mkulima wa kahawa kule Ukata, nimekua nikimwona baba akiupima kwa kopo, na siku hiyo nilitia kwa mkono wa shambani. Nilipokitoa kitabu kwenye shinikizo, zile mbao mbili za kukibana kikauke, gundi ilikuwa imepenya hadi picha ya mwisho, na buluu yake juu ya karatasi iliyopiga manjano ilimfanya sungura wa kijani kuanzia masikio hadi mkia. Nilikaa sakafuni nikalia.

Mkutubi alikitazama. "Kifungie kabatini. Mwambie bibi kimeliwa na mchwa."

"Mzee, nilimwahidi."

"Basi nenda. Ukirudi ukakuta mtu kwenye kiti chako, usinililie."

Nilipanda gari la kushuka ziwani, kitabu nimekipakata njia nzima. Bibi Agnesi alikisogeza mlangoni penye mwanga, akatazama muda mrefu.

"Umemfanya nini, mwanangu?"

Nikamweleza yote. Alimsugua sungura kwa ncha ya khanga, rangi haikutoka, nami nikajua amekasirika. Mwishowe akakifunga, akakilaza mapajani. "Kimerudi," akasema, akageuzia uso ziwani.

Kiti changu nilikikuta kitupu, nikakikalia hadi nastaafu. Nimeshona vitabu vingi, vingine wageni wamevisifu mbele yangu, nami moyoni naona masikio ya kijani tu. Liuli sikuthubutu kwenda tena, niliona aibu.

Mwaka huu nimekwenda. Bibi Agnesi ameshafariki. Mjukuu wake, mama mtu mzima sasa, alikuwa barazani akiwasomea wanawe kitabu kilekile. Aliniamkia, nikasema natoka Mbinga, akanipa kigoda, hanijui. Ziwa lilikuwa shwari kama lile la kwenye picha. Walipofika ukurasa wa mwisho, mtoto akauliza mbona sungura ni wa kijani.

"Alitumbukia ziwani, kiboko akamwopoa," mama yake akasema. "Bibi yangu alituambia bado hajakauka, tusimguse."

Nilishindwa kuyazuia machozi. Mama yule akadhani ni moshi wa jikoni, akaniomba radhi.

"Uti wa kitabu umeachia tena, mama," akaniambia. "Sijui huko Mbinga kuna fundi?"

Nikamwomba sufuria na unga wa muhogo. Nilikoroga taratibu hadi donge la mwisho likaisha, na mrututu sikutia.