Klarineti Iliyofukizwa Udi

Juzi nilikwenda Dunda, hapo hapo Bagamoyo, kutazama klarineti ya mtumba, nikarudi nyumbani macho yamenivimba kama niliyetoka msibani. Kaa kitako nikusimulie, maana jambo lenyewe nimelificha tangu nina miaka tisa, na leo mimi ni bibi wa watu.

Aliyenituma ni mjukuu wangu. Anajifunza muziki na amechoka kuazima vyombo vya wenzake. Akanipigia simu: "Bibi, nimesikia kuna mzee hapo Dunda anauza klarineti. Niangalizie kama ni ya mti kweli. Wewe si unazijua?" Nitakosaje kuzijua! Nimelelewa na mpiga klarineti.

Babu yangu alikuwa fundi cherehani. Mchana kutwa anashona kanzu barazani kwetu, Bagamoyo mjini, na zikija harusi anavaa kofia yake safi anakwenda kupiga klarineti katika kikundi cha taarabu cha mtaa. Bibi yangu alikuwa akimtania kwamba ana wake wawili, na yule mweusi mwembamba ndiye anayelazwa kwenye sanduku lenye mahameli. Babu humjibu, "Huyo angalau hanisemi." Hapo Bibi hucheka mpaka ungo wa mchele unamtikisika mikononi.

Jioni alipokuwa akiifuta, mimi nilikaa miguuni pake, naye huongea kama anayejisemesha mwenyewe. Klarineti ya mti, alisema, igeuze kwenye mwanga utaona vijistari vyembamba vya mti. Ya plastiki inang'aa pote sawasawa kama sahani. Ishike uone uzito wake, maana mpingo ukiutia majini unazama. "Na usije ukajaribu," akaongeza haraka, kwa kuwa alinijua. Bonyeza vifungo, usikilize kama vinafunga kwa sauti laini au vinagonga. Halafu chukua kipande cha juu, ziba matundu yote kwa vidole, ziba chini kwa kiganja, unyonye hewa. Kikinata kiganjani, kizima. Kikiachia, kuna mahali kinavuja. Alipenda sana kusema kwamba mpingo huo ulikatwa huku huku kwetu, ukapelekwa Ulaya, ukarudi umevalishwa vyuma kama bwana harusi.

Sasa Bibi naye alikuwa na desturi yake. Babu haendi kupiga harusini mpaka kanzu yake ifukizwe. Bibi anatia makaa kwenye chetezo, anadondoshea udi, anafunika kapu juu yake, kisha anaitandaza kanzu juu ya kapu ili moshi uingie katika kila uzi. Babu akipita njiani, majirani wanajua nani kapita hata kama hawakutoa kichwa dirishani.

Siku moja kulikuwa na harusi mtaa wa pili. Bibi aliitwa mapema kusaidia mapishi ya pilau, akaniachia kazi ya kufukiza kanzu. Lo, nilivyojiona mkubwa! Nikaifukiza mpaka ikanukia kupita kiasi. Nilipomaliza, udi ulikuwa bado unatoa moshi, na jicho langu likaangukia lile sanduku. Nikalifungua. Wallahi nilimwonea huruma yule mke mdogo. Babu anakwenda harusini ananukia, na chenyewe chombo kinanuka mate na mafuta ya zamani! Haki iko wapi?

Basi nikaitoa klarineti, nikavipanga vipande vyake juu ya kapu, nikavifunika kwa kanga ili moshi usipotee. Nikapuliza makaa yakolee. Kila baada ya muda navigeuza kama mtu anayechoma mahindi. Vilipokuwa vya moto na vinanukia, nikavirudisha sandukuni nikafunga, moyo wangu mweupe kabisa.

Usiniulize harusi ilikuwaje. Watoto tulikaa mkekani mbele kabisa. Babu alipofungua sanduku nilimwona akitua kidogo, pua ikicheza, na mimi nikajivimbisha kwa furaha. Wimbo wa kwanza ulipita salama. Wa pili, alipopanda kwenye sauti ya juu, klarineti ilipiga yowe kama kuku aliyeshikwa bawa. Watu wakaangua kicheko. Akina mama wakapiga vigelegele haraka haraka kuficha aibu. Babu akaishusha, akaipitishia kidole, akakuta ufa, umeanza kwenye pete ya chuma ukashuka urefu wa kidole changu. Akaifuta, akairudisha sandukuni, na shughuli yote iliyobaki akawa mpiga makofi. Pilau ya siku ile haikunipita kooni.

Nyumbani Bibi akauliza kulikoni. Babu akavua kofia, akasema, "Kaskazi hii. Upepo umeukausha mti." Hakunitazama. Nilisimama pale mlangoni nikingoja mtu aniulize, kwani ningeulizwa ningesema. Hakuna aliyeuliza. Nikajiambia nitasema kesho.

Kesho yake alikwenda kwa wachongaji wa vinyago, akaomba vumbi la mpingo, akalichanganya na gundi, akaujaza ule ufa. Kisha akauzungushia uzi mweusi wa cherehani alioupaka nta, mizunguko mitatu, akamalizia kwa kile kifundo kidogo alichokuwa akifunga kwenye shingo za kanzu zake. Kwenye maungio ya vipande, lile gome laini la kubania vipande, lililokuwa limeungua, akaliondoa, akazungushia uzi pia. Mweusi ulikuwa umekwisha, akatia mwekundu. Mimi ndiye niliyemshikia uzi. Maneno yalikuwa mdomoni, nikayameza.

Klarineti ikalia tena, ila sauti ya juu ilibaki na mkwaruzo ambao Babu aliuita kikohozi. "Ngoja akohoe kwanza," huwaambia wenzake, nao hucheka, nami kila mara huona kama nachomwa sindano. Nilipokua nikaolewa mbali, kijijini Mkange. Kila nikija kumtazama nakuja na nia ya kusema, nakuta watu wamejaa barazani, au nakuta amelala, au ni uoga wangu tu. Meno yakamtoka, akaacha kupiga, chombo akampa mwenzake mmoja wa kikundi. Akafariki akiamini ni upepo wa kaskazi. Hilo ndilo lililokuwa likiniuma miaka yote hii, rafiki yangu. Si ule ufa. Ni kwamba alikwenda na uongo wangu.

Sasa turudi Dunda. Muuzaji nilimkuta kwenye kibanda chake cha vitu vya zamani, redio mbovu upande huu na feni upande ule. "Shikamoo kaka." "Marahaba, karibu dada." Akaleta sanduku ambalo halikuwa lile la mahameli, hili ni la kubahatisha tu. Nikajitia utaalamu, nikainua kipande cha kwanza kwenye mwanga. Mistari ya mti ipo. Uzito upo. Vifungo viwili vinagonga, vinahitaji fundi. Nilikuwa nimeshakunja uso ili asijue nimependa. Halafu nikavuta vipande viwili vilivyokuwa vimeungana, vikaachana, nikaona uzi mwekundu.

Ulikuwa umepauka, lakini mwekundu. Nikakigeuza kipande cha juu taratibu, na pale chini ya pete nikaiona mizunguko mitatu ya uzi mweusi, na kile kifundo cha shingo ya kanzu.

"Kaka, hii umeipata wapi?"

"Ya marehemu baba yangu. Alikuwa mpiga fidla wa taarabu. Aliachiwa na rafiki yake, fundi cherehani mmoja wa hapa mjini."

Nikajikaza. "Na huu ufa? Wa kaskazi?"

Yule mzee akacheka. "Kaskazi wapi, dada! Huo ni ufa wa udi. Baba alikuwa akitusimulia kila anapofungua sanduku. Yule fundi alipomkabidhi alimwambia, 'Usimpe mtu akaufuta ufa huu. Mjukuu wangu aliifukiza udi ili ninukie harusini. Bibi yake hunifukizia kanzu, yeye kanifukizia sauti.' Akamwonya pia asimtajie mtoto kitu, maana mtoto anadhani babu hajui."

Nilivuta ndoo iliyokuwa karibu nikaikalia. Machozi yalinitoka mbele ya mtu nisiyemjua hata jina.

"Vipi tena, dada?"

"Moshi," nikasema. Moshi wenyewe wapi, kibandani mna feni mbovu tu.

Nilipotulia nikaziba matundu kwa vidole, nikaziba chini kwa kiganja, nikanyonya. Ikanata. Miaka yote hii, na uzi wa Babu bado umeshika! Nikainusa. Harufu ya udi hakuna tena, ni vumbi tu. Na baraza letu halipo, wameweka duka la simu. Kikundi kimekwisha mmoja mmoja. Harusi siku hizi wanaleta spika mbili kubwa, zinatikisa mabati, na hakuna anayesimama kungoja mtu mmoja akohoe kwanza ndipo aanze. Mimi natamani hata ile aibu ya siku ile, kwa sababu Babu alikuwemo.

Nikampigia mjukuu wangu simu palepale.

"Bibi, umeiona? Ni ya mti?"

"Ya mti. Mpingo hasa."

"Ina kasoro?"

"Ina ufa mmoja, umezibwa vizuri."

"Ufa wa nini, Bibi?"

Nikaona muuzaji ananitazama. Nikameza mate, lakini safari hii maneno sikuyameza.

"Niliupasua mimi," nikamwambia.