Kikombe cha Ami Seif

Nilifunga safari ya Omani kwa sababu ya ujumbe mmoja wa sauti. Ami Seif, mdogo wa marehemu baba, anaishi Ibra, na saratani ya tezi dume imeshamwingia mifupani. "Madaktari wanataka kunihasi," alisema, "na Khalfan kaafiki." Khalfan ni mwanawe. Nikajua pana jambo hapo: Ami kafiwa na mke, na kamposa Bi Zuwena wa Sur. Mwana hataki mama wa kambo, nikajisemea. Nikaondoka Unguja na hasira zangu.

Ibra, Khalfan alinilaki vizuri mno, na hilo nalo likanitia shaka. "Karibu kaka, wallahi tumefurahi!" Nikamjibu kwa mkato.

Njia nzima ya Nizwa, tukimpeleka Ami hospitali, nilimchunguza kwenye kioo cha gari. Akipokea simu kwa Kiarabu, natega sikio, siambulii kitu.

Nizwa, nilimvaa daktari: kwa nini kisu, na sindano zipo? Akanieleza taratibu. Homoni ya kiume ndiyo inayoulisha ugonjwa huu. Kuondoa korodani kunaikata mara moja, basi. Sindano huikata vilevile, na zinaweza kusitishwa, ila huchomwa tena kila baada ya miezi, na ukizikosa ugonjwa unaweza kuamka. Hakuna inayoponya, zote hutuliza.

"Na hamu ya mke?"

"Kwa zote mbili hupungua, mara nyingi huisha."

Nilinywea. Hila niliyomsingizia Khalfan haikuwa na maana: kisu au sindano, kwa ndoa ni mamoja.

"Baba anasahau hata vidonge vya presha, kaka," Khalfan akasema. "Sindano je?"

"Nipasueni," Ami akakata maneno. "Lakini kwanza nipelekeni Sur, yule bibi ajue."

Sur, Bi Zuwena alitumiminia kahawa. Huku mgeni hutikisa kikombe akitosheka, asipotikisa, huongezwa. Ami alimweleza yote, macho chini, kisha akakitikisa kikombe na kukiweka, kama mtu anayeaga.

Bi Zuwena akakitwaa, akakijaza tena.

"Nani kakwambia mie nataka kuzaa, Bwana Seif? Kunywa."

Kurudi Ibra nilikaa mbele. "Bado unanishuku, kaka?" Khalfan akauliza. Nikamwambia kidogo, maana ule ukarimu wake umezidi. Akacheka. Nyuma yetu Ami alikuwa amelala fofofo. Nilichojifunza ni hiki: nilivuka bahari kupigania ndoa ya watu, na wenye ndoa wenyewe sikuwa nimewauliza.