Kilio ya Muntu Muzima

Dada mukubwa ya bwana yangu, mwenye tunaita Ya Marceline kwa heshima, iko na jambo moja yenye inanichosha mpaka leo: kama kilio iko, yeye anafika hata maiti haijafika. Kartie yetu ya Bel-Air muzima banamujua. Iko na sufuria kubwa, iko na mukeka, iko na kitambaa nyeusi yenye haitoke mu sakoshi yake ya mukono. Mwaka moja baba ya jirani yetu Chisanga alizimia ku misa juu ya joto. Balimupa maji ya sukari, akaamuka, bakamurudisha kwake, akakuta Ya Marceline amekwisha kuwasha moto mu lupango, pale inje ya nyumba, na anapepeta muchele. Muzee aliuliza ni nani alikufa.

Nilikuwa ninacheka sana ile mambo, mpaka yangu ilifika.

Bwana yangu Godefroid anatengeneza frigo ya chanjo mu bituo bya afya, kule nord, kaskazini. Barabara ya kule ni matope tupu, basi kazi inamutuma na ndeke kidogo ya motere moja. Ile Ijumaa alipanda asubuhi ku uwanja ya ndeke ya Luano, yeye na pilote tu. Muchana, muntu ya kampuni ya ndeke alinipigia simu: mama, ndeke haijafika, na redio ya pilote imenyamaza, tunaitafuta, ungoje. Alisema ningoje. Basi nilimupigia Ya Marceline, juu tu nisingoje peke yangu. Hata leo ninajiuliza kichwa yangu ilikuwa wapi.

Sikumaliza hata kukunja nguo, alikuwa pa mulango na sufuria. Bantu yake balisimamisha bâche, turubai ya kivuli, bakapanga viti. Picha yetu ya ndoa balitoa mu salon, bakaiweka inje na kitambaa nyeusi pa kona. Juu mi nilikuwa ndani ya ile picha, bakaikunja katikati, Godefroid akabakia peke yake. Halafu moto. Kwao, bantu ya nord, moto ya kilio ikiisha kuwaka haizimwe mpaka muntu azikwe. Ya Marceline anajua ile kupita bote, na njo yeye aliwasha.

"Muke wetu, ikala chini," aliniambia, ananionyesha mukeka. "Fumua nywele. Toa hereni."

"Ya, hakuna maiti."

"Inakuya."

"Hakuna muntu alisema Godefroid amekufa."

"Ndeke imepotea kule juu. Kule juu iko muti ya kushika?"

Nilikataa. Mukeka ya mujane, ukiikala pale umekubali. Na mi niliogopa kama ninakubali, Godefroid atakufa kweli, fasi yenye alikuwa. Ni ujinga, ninajua. Lakini nilisimama. Nilikula nimesimama, nilisalimia bantu nimesimama, nilisinzia nimeegemea ukuta ya cuisine, pa jiko. Bamama ba kuimba banakaza kuniangalia. Mumoja alisema, kwa sauti ya kusikika muzuri, hata chozi moja hana. Ilikuwa kweli. Macho yangu ilikauka, na ndani nilikuwa na kasirani na kila kintu: kampuni, rezo ya simu, bâche, zaidi Ya Marceline, mwenye alikuwa analia sauti muzima bila kuchoka, anaenda kukoroga bukari, ugali yetu, anarudi kulia.

Nilimufuata pa sufuria. "Ya, juu ya nini we uko na mbio hivi?"

Hakuacha kukoroga. Alisema baba yao, muntu ya shemindefere, kazi ya treni, alikufa kazini ku Kamina. Benzake balimuzika siku ile ile. Kwao habari ilifika kisha wiki muzima, udongo imekwisha kukauka. "Hakuna muntu alimulilia," alisema. "Mi nilikuwa mudogo. Nilisema mu roho yangu, hapana tena mu hii familia." Akaonja chumvi. Na ile pia ilinichukiza, sababu muntu akiwa na sababu yake, huwezi tena kumufukuza na sufuria zake.

Siku ya Mungu, bantu bametoka ku misa, namba nisiyoijua iliniita.

"Syntiche, ni mi."

Ilikuwa Godefroid. Alieleza mbio mbio, telefone ilikuwa ya muntu. Mafuta ya motere ilirukia kioo, pilote haone mbele. Motere ikakohoa, ikanyamaza kabisa. Kisha bakasikia upepo tu. Pilote alimuambia akaze mukaba, akatafuta fasi ya kushuka, akaona bilanga, mashamba ya mihogo, upande ya Mitwaba. Magurudumu ilivunjika pa matuta, bawa moja ikabaki ku muti. Pilote alipoteza meno, Godefroid mukono ilivunjika. Bantu ya kijiji balibatoa. Rezo hakuna. Bakabebwa na pikipiki, kisha na lori ya makala, makaa ya kupikia. "Niko Likasi," alisema. "Unipikie sombe." Mambo ya kilio sikumuambia. Ningeanzia wapi?

Nilitoka inje nikasema Godefroid iko Likasi, anakuya. Wimbo ilikatika. Nilizani batacheza. Ya Marceline aliangalia moto, akauliza: "Sasa hii tutaifanya nini?"

Muchana Godefroid alishuka pa mulango ya lupango, mukono imefungwa na kitenge, uso vumbi ya makala tupu. Ya Marceline alisimama mbele yake kumuzuia. Moto yake inawaka, akiingia anaingia kama maiti. Lazima kwanza kuuliza tantine yao, shangazi mwenye kujua desturi, mwenye kubakia ku Kongolo. Tantine hashike simu. Basi bwana yangu, mwenye kutoka juu na kupona, akasimama ku jua mbele ya nyumba yake, bakamuletea kiti ya kilio yake mwenyewe. Aliangalia picha.

"Syntiche iko wapi pale?"

"Balinikunja," nilimujibu.

Mwisho tantine alishika simu, akasema: muntu mwenyewe aizime, na mukono yake. Godefroid alimwaga maji na mukono ya kushoto, moshi ikapanda, bamama bakapiga vigelegele. Ya Marceline alimurukia pa shingo, akasahau kabisa mukono yenye kuvunjika. Godefroid akapita anashukuru bote mwenye balimulilia, mumoja mumoja. Ule mama ya chozi akamuambia: "Muke yako hakulia." Godefroid akaniangalia. Nilikwenda mu cuisine kutwanga sombe, majani ya mihogo yenye aliomba.

Nilishika mutwango, nikaiweka chini. Mukeka balikuwa bameitupa pale chini. Niliikala. Nikalia mpaka pumzi ilinikosa.

Ya Marceline aliingia kuchukua sufuria zake. "Muke wetu, sasa njo unalia? Iko muzima."

"Njo maana ninalia, Ya."

Aliniangalia. Aliweka sufuria chini, akaikala karibu yangu pa mukeka, na tangu nimujue, ile siku tu njo hakuwa na mbio.