Upande wa Pili wa Santuri

Magitaa ya Wazungu yalipoanza kunguruma kwa karani Andwele, majirani walisema yule Mnyakyusa anapenda muziki kweli. Anapenda! Santuri yenyewe aliinunua kwa mwalimu wa Kizungu aliyekuwa anarudi kwao, ilikuwa ya bendi ya vijana wanne wa nywele ndefu, na mwezi wa kwanza wa ndoa aliisikiliza pande zote mbili pamoja na mkewe Dominika, wamekaa mkekani. Baadaye akabaki na upande wa kwanza tu, maana huo haunyamazi hata kidogo. Alikuwa anafunga mlango, anafungulia sauti mpaka mwisho, kisha anavua mkanda. Kosa lilikuwa ugali uliopoa, au shati lisilo na kifungo. Mwaka juzi alimvunja mkono, na Dominika akasema hospitali kwamba ameteleza kisimani.

Mara mbili alikimbilia kwa baba yake, kijijini Mwazye, na mara mbili mzee alimrudisha. Ndoa ya kanisani hiyo, alisema, bila barua ya balozi usinikanyagie hapa. Basi Dominika akaenda kwa mzee Oswaldi, balozi wa nyumba kumi, ambaye ua wake ulipakana na wao.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Barua nitaiandikaje? Mumeo mtumishi wa serikali. Lete hata jirani mmoja aliyesikia."

"Watasikiaje na makelele yale?"

"Sasa hapo mimi nifanyeje, mwanangu?"

Alirudi nyumbani kwa hasira. Siku hiyo hiyo, Andwele akiwa ofisini, aliigeuza santuri, akaweka sindano upande wa pili, sauti ya chini. Wimbo ulianza kwa fujo zile zile za upande wa kwanza, ukaenda hivyo kwa muda wa kusonga ugali wa ulezi. Halafu vyote vikakatika kwa mkupuo. Likabaki gitaa moja linadonolewa kwa kidole, taratibu, hata kuku wakiparua nje aliwasikia. Ndipo akakumbuka: mwezi ule wa kwanza Andwele alisema wimbo huu umeharibika katikati, na hakuugusa tena. Dominika aliurudia mara tatu. Alicheka peke yake mpaka akajiogopa.

Jumapili baada ya misa, nyumba zote kumi zilikutana uani kwa mzee Oswaldi kupangiana zamu za shamba la ujamaa. Andwele hakwenda, alikuwa amekunywa. Dominika alikuwa amekwisha kuigeuza santuri pale kwenye gramafoni. Akatia maharage chumvi ya kuua ng'ombe, akayaweka mezani.

Andwele alionja mara moja. Akafunga mlango, akashusha sindano bila kuangalia, magitaa yakalipuka. Bakuli la maharage lilimpasua Dominika juu ya jicho. Mkanda ukafuata, mgongoni, shingoni, upande wa chuma. Akaanguka, akapigwa mateke ya mbavu. Aliuma meno, akasubiri, na alimchukia mtu yule kwa kila pigo.

Muziki ukakatika, likabaki lile gitaa moja. Andwele, jinsi alivyokuwa amepandwa na mori, hakutambua. "Leo nakuua, mbwa wewe! Nakuua na nakuzika mwenyewe!" Mkanda ukalia mara tano, sita, ndani ya utulivu ule, na Dominika akafungua mdomo, akapiga yowe lililommaliza pumzi.

Mlango uling'olewa. Wanaume walimburuta Andwele hadi uani, wakampiga kwa ngumi na magongo ya kuni mpaka meno mawili yakabaki mchangani, na balozi hakuwa na haraka ya kuwazuia.

"Haya, tumesikia," mzee Oswaldi alisema akihema. "Nipeni karatasi niandike."

Marsiana, jirani wa ukuta mmoja, alipiga magoti karibu na Dominika, akamfuta damu kwa upindo wa kanga.

"Nisamehe, dada," alisema. "Hata siku zile nyingine tulikuwa tunasikia."

Dominika aliutoa mkono wa Marsiana usoni pake, akajifuta mwenyewe.