Sentimita Mia na Sabini

Saa moja na dakika arobaini asubuhi nilisikia sururu kabla sijaona mtu. Sauti ilitoka kwenye pango lenye michoro, katika vilima vya Kondoa, ninakopanda kila likizo na futi kamba na karatasi kunakili picha za kale. Nimejifunza kazi hiyo mwenyewe, kwa vitabu vya kuazima.

Chini ya twiga mwekundu aliyechorwa ukutani, ndugu wawili kutoka kijiji cha Zuzu, wapasua kokoto, walikuwa ndani ya shimo. Walikuwa wanatafuta dhahabu inayosemekana ilifukiwa na Wajerumani. Mkubwa wao alinionyesha ramani.

Ilikuwa nakala ya mchoro wangu. Nilikuwa nimeacha nakala kadhaa kwenye nyumba ya wageni mjini ili watu waheshimu michoro. Kutoka kwenye kwato za twiga nilikuwa nimechora mshale kushuka chini, na kando yake nikaandika 170: sentimita kutoka kwato hadi ardhini. Wao walianzia ardhini kwenda chini.

“Tumefika mia na ishirini,” alisema mkubwa. “Imebaki hamsini, ila kuna jiwe.”

Jiwe wangelipasua kama wanavyopasua kwao: kulichomea matairi, kisha kulimwagia maji. Matairi mawili yalikuwa tayari. Moshi wake ungemfunika twiga kwa masizi yasiyotoka.

“Kaka, ramani hii nimechora mimi. Hakuna dhahabu.”

“Ulipima mwenyewe?”

“Mwenyewe.”

“Sasa ulipima nini, kama hakuna kitu?”

Nilieleza rangi, miaka, watu wa kale. Mdogo wake alicheka akiwa shimoni. “Mwalimu, mwenye mali ndiye anayekataa hivyo. Wewe chora, sisi tuchimbe. Tutakukatia fungu.”

Mlinzi wa michoro alikuwa ofisini, mwendo wa saa nzima kwa miguu, na simu haikushika mtandao. Mkubwa akatoa kiberiti.

“Niuzieni hayo matairi,” nilisema.

Wakatazamana. Mdogo akasema na nauli ya kurudi ihesabiwe, maana wamepoteza siku. Mkubwa akaongeza chai. Niliomba wapunguze, wakasema mtu anayenunua matairi chakavu kilimani anajua anachoficha.

Matairi elfu ishirini, nauli za watu wawili elfu ishirini na nne, chai elfu tatu: nikawahesabia shilingi elfu arobaini na saba.