Tawi Nililolifungua Mlimani

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata chakula hakipiti. Nilikuwa kijana mwenye haya, nimemaliza darasa la saba, mtu wa kuzoeana na baiskeli yake kuliko na watu. Baba alikuwa amelala hoi hapa Songea, na ombi lake lilikuwa moja tu: aletewe dada yake, shangazi yangu, aliyeolewa Mbamba Bay, kando ya ziwa, ng'ambo ya milima ya Umatengo. Simu za mkononi zilikuwa bado, na mvua ilikuwa imekata barabara, magari hayapiti. Nikatumwa kwa baiskeli, nimbebe shangazi kwenye keria.

Kupanda mlima ni kazi, lakini hakuui. Unasukuma, unapumzika, unakunywa maji ya kijito, unasukuma tena. Mlima huua wakati wa kushuka. Maneno hayo si yangu, ni ya Mzee Kapinga, mkulima wa kahawa aliyenilaza kwake kule juu, barabara inapoanza kuteremkia ziwani. Asubuhi nilimwamkia, akaitikia huku akizitazama breki zangu. Akakata tawi lenye majani mengi, akalifunga kwa mpira nyuma ya keria ili liburuzike chini na kuizuia baiskeli. Ndivyo wenyeji wa pale walivyoshusha mizigo yao siku zote. Akanionya nisilifungue mpaka barabara ilale tambarare.

Nikashuka taratibu, tawi likikwaruza mawe. Kwenye kijiji cha kwanza vijana walikuwa wamekaa nje ya kibanda cha kuuzia chumvi. Mmoja akapiga mluzi, akasema, "Jamani, serikali imetuletea mfagiaji wa barabara."

"Kaka, ukimaliza hapo," akadakia mwenzake, "uwanja wa mama yangu nao haujafagiwa."

Wasichana waliokuwa kisimani wakacheka mpaka wakatua ndoo. Laiti ningecheka nao! Wazee husema miluzi mingi humpoteza mbwa. Mimi, soni ilinipanda mpaka masikioni. Nilipokata kona, nikalifungua tawi, nikalitupa bondeni.

Sikufika mbali. Breki zilinuka moto, kisha zikaacha kushika. Mkono huu ukuta wa mlima, mkono huu bonde ambalo sikuona mwisho wake. Nikajitupa ukutani. Mungu alinihurumia, nikachubuka tu, lakini gurudumu la mbele lilikunjika kama chapati. Njia ambayo ningeimaliza kabla ya jioni, nikaimaliza kesho yake, baiskeli begani.

Shangazi hakupoteza muda. Alijifunga kitenge, tukaipanda milima kwa miguu, na njiani nikamweleza yote. Alizidisha mwendo.

Tulipofika nyumbani, baba alikuwa amezikwa jana yake. Mama alisema mpaka mwisho baba alikuwa akiulizia mlango, kama umefunguliwa na dada yake ameingia.

Shangazi alikaa kando ya udongo mbichi wa kaburi. Ndipo akaniuliza, bila hasira, "Hao waliokucheka, unawajua majina?"

"Siwajui, shangazi."

"Na huyu hapa, ulimjua?"

Akanivuta karibu yake, tukalia pamoja.

Mwanangu, kuona haya si dhambi, hata mimi bado ninayo. Lakini anayekucheka barabarani hajui unakwenda kwa nani. Jioni atakula ugali wake, atalala, na wewe atakuwa amekusahau. Basi usimpe mpita njia usukani wa safari yako. Aliyeitembea njia kabla yako akikupa neno, lishike, hata likikufanya uonekane mjinga mbele za watu. Wakikucheka, cheka nao, uendelee na lililokutoa nyumbani. Mimi nilijifunza hayo kwa gharama ambayo hailipiki, ndiyo maana nakupa wewe bure.

Mungu akutangulie kwenye kila mteremko. Akupe masikio yanayochagua, na moyo usiotikiswa na kicheko. Nenda salama, mwanangu, na popote unapotumwa, ufike wakati anayekungoja bado yupo.