Bibi kainusa sabuni yangu

Leo bibi kanipa pole kwa zawadi niliyompelekea mwenyewe.

Ni sabuni ya asili niliyoinunua Dar, ya majivu na mafuta ya nyonyo.

Kainusa. Kainusa tena.

"Pole, mjukuu wangu. Huko Dar sabuni zimeadimika?"

Kumbe enzi za vijiji vya ujamaa, huku Tabora, duka likiishiwa sabuni akina mama waliipika hiihii. Ya kiwandani iliporudi, wakavificha vyungu vyao kwa aibu.

Aibu ya nini, bibi?

Akafikiri kweli.

"Ile ya dukani karatasi yake ilikuwa na mwanamke mzuri, anacheka. Tukajiona washamba."

Nikaigeuza karatasi ya sabuni yangu.

Mwanamke mzuri, anacheka.

Jamani, huyu dada anamcheka nani miaka yote hii?